Tope Katika Tangi la Nne

Inspekta alikwenda kwenye kituo cha utafiti wa udongo kuuliza habari za mtu, akamkuta mwenyeji wake ameinamia tangi.

"Hodi," alibisha kwa mara ya pili.

Mwanamke yule hakugeuka. Alikuwa mtu mzima, nywele zimeingia mvi, amevaa viatu vya mpira na koti jeupe lililolowa pindoni. Alishika kijiti cha kupimia kina, na kijiti kilikuwa chekundu tangu ncha hadi katikati.

"Haiwezekani," alisema peke yake. Kisha, kana kwamba hiyo ndiyo karibu yenyewe, akamwita Inspekta kwa mkono. "Njoo uone. Hebu njoo uone kioja."

Huyo ndiye Daktari, mkuu wa kituo. Inspekta alisogea, Koplo wake nyuma, binti mwenye mabega mapana aliyezoea kuendesha gari na kunyamaza.

Ubavuni mwa kilima palikuwa na vipande vinne vya ardhi, vimelala sambamba kama mikeka iliyoanikwa. Kila kimoja kilizungushiwa mabati yaliyozamishwa ardhini ili maji ya huku yasiende kwa jirani. Cha kwanza kilikuwa udongo mtupu. Cha pili, mahindi. Cha tatu, majani ya malisho. Cha nne kilikuwa msitu, miti ya tangu enzi, imefungamana hata jua likawa linaingia kwa kuomba ruhusa. Chini ya kila kipande palijengwa tangi la saruji la kupokea maji ya mvua na udongo wowote uliochukuliwa nayo.

"Mvua ya juzi ilikuwa ile ile kwa wote," alisema Daktari. "Tangi la udongo mtupu limejaa tope, sawa. La mahindi nusu yake, sawa. La malisho kidogo tu. Lakini hili la msitu, Inspekta, miaka yote hutoa udongo usiojaza kikombe. Leo nimechota ndoo na ndoo, na chini sijapaona."

"Ni jambo baya?"

"Ni kama jogoo ametaga."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa amekuja kwa ajili ya msiba, na hakutaka kucheleweshwa na tope.

Msiba wenyewe mji mzima uliujua. Mwanzoni mwa masika, kilima cha upande wa pili kiliporomosha matope usiku watu wamelala, yakafunika mtaa mpya uliojengwa chini yake. Waliokufa walizikwa kwa safu. Watu walipotulia wakauliza: nani aliruhusu nyumba pale? Baraza la mji likatoa ramani. Ramani ilionyesha mteremko ule kwa rangi ya kijani, maana yake salama. Aliyeichora alikuwa mtaalamu wa kituo hiki, kijana ambaye kwa kupenda kwake mistari ya ramani wenzake walimwita Kontua. Tume ya uchunguzi ikamwita ajieleze. Siku ya kujieleza hakutokea. Koti lake lilikutwa limetundikwa kwenye ukingo wa daraja.

Polisi walimkamata fundi mwashi mmoja aliyezika mke na watoto katika msiba ule. Mwashi alikuwa amesimama sokoni mbele za watu, akaapa kwamba atamtia Kontua ardhini kwa mikono yake. Sasa alikuwa mahabusu, hali chakula, hajitetei. Akiulizwa kama ameua, hujibu, "Ningependa iwe mimi."

Jibu hilo lilimkaa Inspekta rohoni kama mwiba wa samaki. Muuaji hapendi iwe yeye.

"Twende ndani, Daktari," alisema. "Nina maswali kuhusu mkweo."

Maana Kontua alikuwa mume wa binti yake wa pekee. Asubuhi hiyo Inspekta alikuwa ametoka kumwona binti huyo: mjamzito, amelala sakafuni amefunikwa kanga, majirani wanamlisha uji kwa kumbembeleza.

Ofisi ilikuwa na meza mbili, kompyuta moja, na makopo ya udongo yaliyopangwa ukutani kama viungo dukani. Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na bakuli la chakula lenye mfuniko, na sahani mbili zilizooshwa zinachuruzika maji. Inspekta alizitazama, akaketi.

"Unafanya kazi na nani siku hizi?"

"Peke yangu. Wengine wamepewa likizo mpaka tume imalize."

"Kontua ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Usiku wa kuamkia siku ya tume. Alikuwa amenyong'onyea."

"Funguo za geti anazo nani?"

"Mimi. Na yeye alikuwa nazo."

"Sajenti wangu alikuja hapa kukuhoji?"

Daktari alifikiri. "Yule wa miwani? Alikuja mara moja, akauliza, akaandika, akaondoka. Mpole sana yule kijana."

"Mpole kupita kiasi," alinung'unika Inspekta. "Kaniachia jalada jembamba kama kaniki kuukuu, kaenda kwao kumuuguza mama."

Sajenti Miwani, ndivyo walivyomwita kazini. Miwani yake ilivunjika mkono mmoja, akaufunga kwa waya wa shaba, na kila mwezi akaahidi kununua mingine. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba mama kazidiwa, anaomba ruhusa. Inspekta alimruhusu kwa shingo upande, na tangu hapo ujumbe ulikuwa ule ule: bado hali si nzuri, afande.

"Nionyeshe namna ramani inavyotengenezwa," alisema. "Nataka kujua Kontua alikosea wapi."

Daktari aliwasha kompyuta. Kilima cha msiba kikatokea kwenye kioo, kimegawanywa miraba midogo midogo.

"Unaiambia mambo matano. Mvua inapiga kwa nguvu gani. Udongo wa mahali ni wa kushikana au wa kuachia. Mteremko ni mkali kiasi gani, na mrefu kiasi gani. Juu yake pameota nini. Na mwenye ardhi anafanya nini kuuzuia, matuta au makingamaji. Kompyuta inazidisha, inakupa udongo utakaopotea, na sisi tunapaka rangi. Kijani salama, nyekundu hatari."

"Na hapa?"

"Hapa aliandika msitu." Sauti yake ilishuka. "Alitumia picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani. Msitu ulikuwa umeshakatwa, watu wamelima mahindi mpaka kileleni. Hakupanda kwenda kutazama kwa macho yake. Sasa angalia."

Alifuta neno msitu, akaweka mahindi. Hakugusa kitu kingine. Mraba mmoja ukawa njano, wa pili machungwa, kisha ubavu wote wa kilima ukawaka mwekundu kama mtu aliyechunwa ngozi. Koplo akashika mdomo.

"Mvua ile ile," alisema Inspekta polepole. "Udongo ule ule, mteremko ule ule."

"Ule ule. Kilichobadilika ni kilichoota juu, basi."

Inspekta alitazama kioo, akageuka akatazama dirishani, kule kwenye vipande vinne.

"Daktari, lile tangi lako la nne. Mvua ile ile kama ya wenzake?"

"Nimekwambia."

"Udongo na mteremko havijabadilika?"

"Havijabadilika."

"Basi kilichobadilika ni nini?"

"Nilidhani tangi limepata ufa. Au nguruwe pori wameingia wakafukua."

"Udongo wa juu msituni una rangi gani?"

"Mweusi. Majani yaliyooza."

"Na wewe umechota mwekundu."

Ilikuwa kama amemmwagia maji. Mwanamke yule aliyesoma udongo maisha yake yote alisimama, akashika kiti. "Mwekundu uko chini," alisema. "Chini kabisa. Lazima uchimbe mpaka kiunoni kuufikia."

"Na nguruwe huchimba kwa pua," alisema Inspekta. "Koplo, lete koleo."

Ndani ya msitu palikuwa kimya na baridi. Walianzia tangini wakapanda wakifuata mfereji mdogo uliochorwa na maji, mwembamba kama kidole, kisha kama mkono. Palipoanzia mfereji ardhi ilikuwa imetitia, urefu wa mtu na upana wa mtu. Majani makavu yalikuwa yamerundikwa juu yake, na mvua ilikuwa imeyasukuma upande mmoja. Inspekta alichutama, akachomoa katikati ya majani kitu kirefu cha rangi ya nyasi kavu.

"Bua la muhindi," alisema. "Msituni. Nguruwe gani huyu anayebeba mabua kutoka kipande cha pili kuja kufunika shimo?"

Koplo alivua koti la kazi, akatema mate viganjani.

"Daktari, ungetusubiri chini," Inspekta alisema kwa upole. "Ni mkweo. Si jambo la kuona."

"Hamtamkuta humo," alisema Daktari.

Alilisema haraka, kama mtu anayemrudishia mwenye duka chenji isiyo yake. Inspekta akainua uso.

"Unajuaje?"

"Najua tu. Moyo wa mzazi."

"Moyo wa mzazi huogopa, mama. Wako haujaogopa hata kidogo."

Koleo likagonga kitu. Halikuwa jiwe, sauti ilikuwa laini. Koplo akaliweka kando, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Kwanza kikatokea kisigino cha kiatu. Kiatu cheusi, kizito, chenye soli ya meno. Koplo akakitazama kiatu kile, kisha akatazama cha kwake mguuni, na mikono yake ikaacha kufanya kazi.

"Afande," alisema.

"Endelea."

"Afande, hiki ni kiatu chetu."

Inspekta aliingia shimoni mwenyewe. Alifukua upande wa kichwa, polepole, akiondoa udongo kama anayempangusa mtoto uso. Waya wa shaba ukang'aa, na kisogoni vidole vyake vikakutana na tundu.

Koplo alikuwa ameketi kwenye tope, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, anatikisa kichwa: hapana, hapana, hapana. Inspekta alibaki amepiga magoti. Siku zote hizi alikuwa akimnung'unikia mtu huyu. Alimwita mvivu mbele ya wenzake. Alisema akirudi atamkoromea mpaka miwani ipasuke. Na mtu mwenyewe alikuwa hapa, kinywa kimejaa ardhi.

"Lakini ametuma ujumbe," alisema Koplo. "Asubuhi hii, afande. Ulinisomea kwenye gari."

Inspekta alijifuta vidole kwenye suruali, akatoa simu. Akaandika, herufi moja moja: Mama anaendeleaje leo?

Akatuma. Wakangoja. Tone la maji lilianguka kutoka jani la juu, likatua kwenye bega la marehemu. Kisha simu ya Inspekta ikatetemeka mkononi mwake.

Aliisoma kwa sauti, maana hakuweza kuisoma kimoyomoyo. "Bado hali mbaya afande. Tuombee."

Koplo akapiga ukelele mmoja mfupi, akajiziba mdomo. Maiti ilikuwa imelala pale, na jibu lake limefika. Hata Inspekta, aliyekuwa ameona vifo vya kila namna, alihisi nywele za shingoni zinasimama, akaitupia macho mikono ya Sajenti kabla akili haijamrudia.

Alipogeuka, Daktari alikuwa ameegemea mti. Midomo yake imekuwa ya majivu.

"Huyu ni yule kijana mpole," alisema.

"Ndiye. Sasa niambie, mama. Nani anakula kwenye sahani ya pili?"

Daktari hakulia, maneno tu yalimtoka yakikanyagana. "Alikuja kwangu analia. Alisema ndugu wa marehemu watamchinja. Na kweli, mwashi aliapa, watu wote walisikia. Nikasema nimfiche mpaka hasira zipoe, kisha nimpeleke kwenye tume mwenyewe. Koti tulilitundika darajani sisi. Nilijua ni kosa. Lakini huyu... Wallahi habari za huyu sikuzijua. Kama ningejua ningekuita uone tangi?"

"Usingeniita. Kwa hilo nakuamini. Binti yako anajua?"

"Hajui kitu. Mume wake alinisihi nisimwambie, eti polisi watamfuata. Nimemwacha mwanangu alie matanga ya mtu aliye hai." Alifumba macho. "Yuko ghalani. Kwenye sampuli."

Ghala lilikuwa upande wa pili wa ofisi, jengo la matofali lisilo na madirisha ila matundu ya hewa karibu na dari. Inspekta alimweka Koplo ubavuni mwa mlango, akamwambia Daktari afungue kama afunguavyo siku zote.

Ndani kulinuka vumbi na jasho la mtu aliyefungiwa. Kontua alikuwa amekaa juu ya magunia ya udongo, ndevu zimemtoka, miguu peku. Simu ndogo ya vibonye ilikuwa pajani mwake, kioo bado kinawaka.

"Mama, mbona mapema leo?" alisema akitabasamu. Kisha akamwona aliye nyuma yake.

Alitaka kuinuka. Koplo alishaingia, akamkalisha kwa mkono mmoja.

"Simu ya nani hiyo?" aliuliza Inspekta.

"Yangu."

Inspekta akabonyeza simu yake. Ile ya pajani ikalia, na kwenye kioo yakatokea maneno mawili ambayo Sajenti aliyaandika mwenyewe wakati wa uhai wake: Mzee Mkali. Inspekta aliyasoma. Akakata simu.

"Nakuuliza tena."

"Alinivamia," alisema Kontua. Maneno yalikuwa tayari, kama yaliyokaririwa gizani. "Aliona mama ananiletea chakula, akasubiri ameondoka, akabisha, nikadhani ni mama nikamfungulia kwa funguo zangu. Alinishika shingo. Nilimsukuma, akaanguka akagonga kichwa. Ilikuwa bahati mbaya."

"Aligonga wapi?"

"Hapo sakafuni."

"Jeraha liko kisogoni, ni la duara, na limezama ndani. Sakafu haifanyi tundu la duara." Inspekta alitazama ukutani. Vyuma vya kuchimbulia sampuli vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari kwa ukubwa wake, vimesuguliwa safi. Alitoa kimoja, akakigeuza. Mdomo wake ulikuwa duara. "Alikuwa amekupa mgongo. Kwa nini mtu akupe mgongo, kama anakukaba shingo?"

Kontua alikikazia macho kile chuma.

"Nitakwambia mimi. Hakukukaba. Ninamjua, nimefanya naye kazi. Alikwambia, twende zetu ndugu yangu, jikaze, mimi nitakuwa nawe. Akageuka akufungulie mlango."

Uso wa Kontua ulibomoka. "Alisema watanisikiliza," alinong'ona. "Wasingenisikiliza. Ningetajiwa majina ya watoto, mmoja mmoja, mbele ya mama zao. Nisingeweza." Kisha akasema jambo ambalo Inspekta hakulisahau: "Lakini mmempataje? Msituni udongo hauondoki. Nimepima pale miaka yote. Hauondoki."

"Hauondoki ukiachwa," alisema Daktari.

Alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Ulikata mizizi, ukageuza wa chini ukawa juu. Pale hapakuwa msitu tena, palikuwa shimo. Na wewe ukaamini bado ni msitu kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Kule uliua mtaa kwa kutokupanda kutazama. Hapa umeua kwa mkono wako, kisha ukaketi unakula wali wangu."

"Mama..."

"Usiniite."

Pingu zililia. Koplo alimpeleka kwenye gari, na njia nzima Kontua aliangalia miguu yake. Inspekta aliwapigia simu wenzake: waje na daktari wa maiti na machela, wamtoe mwashi, wamwombe radhi kabla ya kumpa chakula, si baada ya chakula. Akarudi uani. Daktari alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tangi la nne, viatu vya mpira vimezama topeni.

"Nami unanifunga?"

"Utakuja kuandika maelezo, mama. Mengine ni ya hakimu."

"Ni haki." Alitoa simu yake mfukoni. "Niruhusu kwanza nimpigie mwanangu. Asilisikie hili kwa jirani."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akasogea pembeni kidogo. Simu ilipokelewa mara moja.

"Mwanangu," alisema Daktari. "Umekaa? Kaa chini kwanza. Kuna habari za mumeo. Polisi wamempata."

Akasikiliza.

"Hapana. Hapana, mama. Hakutoswa mtoni. Yu hai."

Alivuta pumzi aendelee, lakini hakupewa nafasi. Kutoka kwenye ile simu ilitoka sauti kali iliyofika hadi pale aliposimama Inspekta. Binti alikuwa anapiga vigelegele. Alisikika akiwaita majirani, yu hai jamani, baba mtoto yu hai, na majirani wakaingia nao, wakapokezana, nyumba nzima ikilia kwa furaha. Daktari aliita, "Mwanangu, nisikilize. Nisikilize kwanza." Hakuna aliyemsikia. Akaiondoa simu sikioni, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akimtazama Inspekta kama anayemwomba aipokee.